Mwandishi wa Programu ni Mtu wa Amana

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Kibugu, Embu, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetupa akili, afya na nafasi ya kuufikia mwezi huu. Sala na salamu zimwendee Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Nimetakiwa nizungumze kuhusu teknolojia. Najua wengi wetu tukilisikia neno hilo ndani ya Ramadhani tunangojea kukemewa tu: acheni simu, acheni video za upuuzi, acheni kamari za mtandaoni. Hayo ni kweli, na masheikh wetu wameyasema vizuri kuliko mimi. Leo nataka tumtazame mtu ambaye hatumuoni, yule aliye nyuma ya simu, anayeandika programu. Anatumia vyombo gani? Ana mbinu gani? Na ataulizwa nini mbele ya Mola wake? Manake miongoni mwetu wapo wanaosoma kompyuta chuoni, na wapo watakaosoma kesho. Kazi hii ni ya amana, sawasawa na kazi ya muuza duka, kadhi au mwenye mizani.

AL-KHWARIZMI NA MIRATHI

Sisi vijana wa Kiislamu tunapenda sana kumtaja Al-Khwarizmi. Aliishi Baghdad katika karne ya 9, zama za khalifa Al-Maamun. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta inaufuata. Na neno al-jabr katika jina la kitabu chake ndilo lililozaa aljebra. Tunayataja haya kwenye mihadhara, tunapiga takbir, kisha tunaenda nyumbani.

Lakini hebu tuulize, kitabu kile kilikuwa cha kazi gani? Sehemu kubwa yake ni masuala ya mirathi na wasia. Mtu amekufa, ameacha mke, watoto na deni, na ameusia kitu kwa mtu mwingine. Kila mmoja apate ngapi? Humo pia mna hesabu za biashara na za kupima ardhi. Yaani elimu ile tunayojivunia iliwekwa itumike ili mjane asidhulumiwe na yatima apate fungu lake. Basi anayetaka kumfuata Al-Khwarizmi asiishie kwenye kujisifu. Aanze kwa kuuliza: programu yangu hii inalinda haki ya nani?

MIZANI YA MAJANI CHAI

Tulete mambo karibu. Hapa kwetu milimani watu wanaishi kwa chai na kahawa. Mama anachuma majani tangu asubuhi, anayabeba mgongoni mpaka kituo cha kununulia, yanapimwa. Chukua mfano kwamba mizani ni ya kielektroniki na kuna kijana ameiandikia programu. Majani yamefika kilo 14.7. Kijana yule, kwa uvivu tu, ameiambia kompyuta ihifadhi namba nzima. Lugha nyingi za kompyuta zikiambiwa hivyo hazikadirii, zinakata. Inaandikwa 14. Gramu 700 zimepotea.

Sasa piga hesabu. Tuseme kwa wastani anakatwa nusu kilo kila akipeleka, na anapeleka mara 10 kwa mwezi. Hizo ni kilo 5 kwa mwezi, kilo 60 kwa mwaka, za mama mmoja. Zidisha kwa wakulima wa kituo kizima. Hakuna aliyeiba kwa mkono, hakuna aliyebonyeza mizani kwa kidole. Ni mstari mmoja wa maandishi. Sote tulihifadhi Suratul Mutaffifin madrasa tukiwa wadogo, na tukadhani inamhusu muuza mchele peke yake!

Kuna mtego mwingine. Mwambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2. Katika lugha nyingi jibu litakuwa 0.30000000000000004. Kompyuta haijarukwa na akili. Ndani yake inahesabu kwa 0 na 1 tu, na katika hesabu ya namna hiyo moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama sisi tunavyoshindwa kuimaliza theluthi moja kwa desimali, 0.333 na kuendelea. Ndiyo maana mwandishi mzoefu hahesabu pesa kwa shilingi zenye nukta. Anahesabu kwa senti nzima, na uzito anauhesabu kwa gramu nzima, kisha anagawanya mwisho kabisa wakati wa kumwonyesha mtu. Hiyo ni mbinu ndogo ya kazi, lakini ndani yake mna haki ya mtu.

DAKIKA NANE ZA FUTARI

Mfano wa pili uko mfukoni mwako sasa hivi. Wengi tunafuturu kwa kutazama programu ya nyakati za swala. Programu ile hailioni jua. Inachukua tarehe, inachukua mahali ulipo, inapiga hesabu. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4. Mombasa iko mashariki yetu kwa nyuzi 2 na zaidi kidogo. Karibu na mwezi wa Machi jua linazama Mombasa kama dakika 8 au 9 kabla ya kuzama hapa Kibugu, na tofauti hiyo huongezeka au kupungua kwa majira.

Unaona hatari yake? Kijana ameandika programu, ameweka Mombasa kuwa mji wa Kenya nzima kwa sababu ndiko alikozaliwa. Mzee wa Kibugu anasikia adhana kwenye simu, anasema bismillah, anakula tende. Jua bado liko juu. Na ukifuata Nairobi mambo yanageuka. Nairobi iko magharibi yetu, Alfajiri yake inachelewa kama dakika 2 baada ya yetu, kwa hiyo futari yako iko salama lakini daku unaila mpaka ndani ya Alfajiri.

Halafu kuna jambo la nyuzi za Alfajiri. Hesabu ya Rabita ya Makka inaiweka Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, na ile iliyozoeleka ya ISNA kule Marekani ni nyuzi 15. Huku kwetu karibu na ikweta nyuzi 3 ni kama dakika 12. Programu moja inaweza kuwa na hesabu zote mbili, na wewe hujawahi hata kufungua mahali pa kuchagua. Ushauri wangu ni huu: fungua mipangilio leo, hakikisha mahali palipoandikwa ni hapa ulipo, kisha mwonyeshe imamu hesabu iliyochaguliwa, aseme yeye. Na wewe mwandishi wa programu, usimfichie mtumiaji chaguo kama hilo. Mwandikie waziwazi umetumia hesabu gani. Saumu ya watu iko mikononi mwako.

ISNADI NDANI YA KOMPYUTA

Sasa tuingie kwenye vyombo. Chombo cha kwanza kinaitwa Git. Kilitengenezwa na Linus Torvalds, mtu wa Finland, mwezi wa Aprili mwaka 2005. Ndiye aliyeuanzisha mfumo wa Linux mwaka 1991. Kazi ya Git ni kutunza historia ya maandishi. Kila ukibadilisha kitu na kukiandikisha, Git inahifadhi vitu vinne: nini kimebadilika, nani amebadilisha, lini, na kwa sababu gani. Kisha inalitia badiliko hilo alama yake ya pekee yenye herufi na tarakimu 40, na ndani ya hesabu ya alama hiyo mna alama ya badiliko lililotangulia. Ukichokora kitu cha nyuma kisirisiri, alama zote zinazofuata zinabadilika, na mwenye nakala ya zamani atakugundua.

Aliyesoma madrasa hahitaji kuelezwa sana. Hii ni isnadi! Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye asili. Maulamaa wetu hawakukubali maneno yanayoelea hewani, walitaka kujua yamepita kwa nani. Na hawakutosheka na orodha ya majina tu, walichunguza hali za wapokezi. Git nayo iko hivyo. Mtu anaweza kuandika jina la uwongo kwenye badiliko lake. Ndiyo sababu kazi nzito zinatiwa sahihi ya siri, na mtu mwingine anazisoma kabla hazijakubaliwa.

Mbinu za hapa ni tatu. Andikisha mabadiliko madogo madogo, usingoje kazi ya wiki nzima. Andika sababu, usiandike "nimerekebisha" ukanyamaza. Sema umerekebisha nini na kwa nini, manake anayesoma baada ya miaka 3 huenda ni wewe mwenyewe na umeshasahau. Na weka nakala mahali pengine, kwa kuwa laptopu huibiwa na flashi hufa. Zuri zaidi ni kwamba Git inafanya kazi bila intaneti. Bando likiisha, kazi inaendelea. Ukipata mtandao ndipo unatuma.

CHOMBO KILICHOBEBA WATOTO WA UGANDA

Chombo cha pili ndicho kilichonifanya nikubali kuitoa mada hii. Kinaitwa Vim. Ni programu ya kuandikia maandishi matupu, bila mapambo. Aliyeiandika ni Bram Moolenaar, Mholanzi. Aliitoa kwa watu mwaka 1991, na akaitunza mpaka alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Zaidi ya miaka 30 chombo kimoja!

Vim ina tabia moja inayowashinda wengi. Ukiifungua ukaanza kuandika, herufi hazitokei unavyotaka, kwa sababu mwanzoni kila herufi ni amri. Lazima ubonyeze i ndipo uandike, kisha ubonyeze Esc urudi kwenye amri. dd inafuta mstari mzima. Nukta inarudia kitendo chako cha mwisho. :wq inahifadhi na kutoka. Kutoka kwenyewe ni mtihani. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow, wanakoulizana waandishi wa programu, ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Kwa hiyo ukikwama usione haya, uko na wenzako wengi.

Kuna herufi u nayo, inayorudisha nyuma ulichokosea. Ukiibonyeza tena inarudi nyuma zaidi. Neema kubwa hii. Lakini ukishaituma kazi kwa watu, u haikusaidii tena. Ulimi nao uko hivyo, na ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kusomwa uko hivyo. Tuzingatie hili hasa tukiwa tumefunga.

Sasa sikiliza sehemu ya kheri. Mwaka 1994 Moolenaar alikuja Afrika Mashariki yetu hii. Alikaa mwaka mmoja akijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda upande wa Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Msichanganye na wilaya ya Kibaale iliyoko magharibi mwa Uganda. Ni kijiji cha wakulima. Rakai ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Uganda walikotambuliwa, mwaka 1982, na maradhi yale yaliacha mayatima wengi mno. Yeye alisaidia kukipanua kituo na kushughulikia maji na usafi. Aliporudi kwao alianzisha shirika, ICCF Holland, la kukusanya msaada wa watoto wale.

Na programu yake je? Alisema itumieni bure, inakilini mnavyotaka, lakini mkipenda kutoa chochote, wapeni watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi ukiifungua Vim bila faili, kwenye skrini tupu ulikutana na maneno ya kukuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Fikiria, ndugu msomaji. Mhandisi ameketi Tokyo au Chicago, hajui Rakai iko wapi, lakini kila asubuhi akifungua chombo chake cha kazi anakumbushwa yatima wa kijiji cha Afrika. Watu walitoa, watoto wakasomeshwa.

Mtu huyu hakuhutubia kwenye mimbari yetu, na hesabu yake iko kwa Mola wake, haituhusu. Ila mimi nilipolijua jambo hili niliwaza lile somo tulilofundishwa tangu utotoni, kwamba ziko njia tatu ambazo kheri humfuata mtu hata akiwa kaburini: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kumuombea. Sisi tukisikia sadaka inayoendelea tunawaza kisima na msikiti. Ni sawa, hivyo ni bora na tuendelee navyo. Lakini programu nayo inachimbwa mara moja na watu wanateka miaka 30. Nakala moja ikitolewa, ya kwanza haipungui. Kisima gani kiko hivyo?

HATUNA UDHURU

Najua mtakavyosema. "Wewe wazungumza tu, sisi hatuna pesa." Haya, tuangalie. Vim ni bure. Git ni bure. Linux ni bure, tena inafufua kompyuta kuukuu iliyoshindwa na Windows mpya. Mwenye simu ya Android anaweza kuweka programu inayoitwa Termux, na ndani yake akaweka Vim na Git zote mbili. Ukiweka Vim kwenye kompyuta utapata somo linaloitwa vimtutor, linachukua kama nusu saa, na halitaki intaneti. Nusu saa! Ule muda kati ya Alasiri na Maghribi ambao tunaupoteza kwa kuangalia saa.

Hili linatuleta kwenye jambo ambalo vijana hatupendi kuambiwa. Laptopu ngapi za wanafunzi zimejaa programu zilizovunjwa kufuli, ambazo mwenyewe amesema hatoi bila malipo? Tunasema ati ni dharura. Hukumu yake waulizeni masheikh. Mimi nasema kama mwanafunzi wa kompyuta tu: dharura inatoka wapi na kitu cha bure chenye kufanya kazi ileile kipo? LibreOffice inaandika barua na kupiga mahesabu. Isitoshe, zile zilizovunjwa mara nyingi huja na virusi. Hatuwezi kufunga mchana tukajizuia na maji yetu ya halali, kisha usiku tukakaa na mali ya mtu bila idhini yake.

Na udhuru mwingine wa siku hizi ni akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022, vijana wanasema kujifunza kwa nini, si inaandika yenyewe? Naam, inaandika, na inasaidia. Lakini inaweza kuandika kosa kwa lugha tamu na kwa kujiamini kabisa. Ikikuandikia programu ya mizani inayokata gramu, nani atakayelijua kosa lile kama wewe huijui hesabu? Mama wa majani chai hatasema nimedhulumiwa na akili bandia. Atasema nimedhulumiwa na wewe. Itumie kama mwanafunzi anavyomtumia mwenzake wa kudurusu naye. Usinakili mstari ambao huwezi kuueleza kwa mdomo wako.

TUFANYE NINI?

Nisiwachoshe, futari inakaribia na akina mama wako jikoni. Naomba mambo matatu kabla ya Idi.

La kwanza, kila aliye na simu ahakikishe nyakati zake za swala ni za hapa, kisha amsaidie mzazi wake na jirani yake.

La pili, wanaosoma kompyuta wachague kazi moja ndogo yenye haki ya mtu ndani yake. Daftari la michango ya msikiti, ili kila shilingi ionekane imetoka kwa nani na imekwenda wapi. Au hesabu ya mirathi, ifanyiwe majaribio kwa masuala ambayo ustadh tayari anayajua majibu yake, na isitumiwe na mtu yeyote mpaka yeye aridhike. Hiyo ndiyo mbinu kubwa kuliko zote za mwandishi wa programu: ijaribu kazi yako kwa jambo ambalo jibu lake unalijua, kabla hujamwamini nayo mtu ambaye jibu lake hulijui.

La tatu, ukimaliza itoe kwa watu, na ndani yake weka niyya yako ya kheri kama yule Mholanzi alivyowaweka watoto wa Kibaale. Watoto wenye shida hata hapa Embu wapo.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, ulinde mikono yetu na dhulma ndogo na kubwa, ile tunayoiona na ile iliyojificha ndani ya hesabu. Zikubali saumu zetu na swala zetu, uwarehemu wazee wetu waliotutangulia, na ujaalie tunachokiandika kiwe shahidi wetu, kisiwe shahidi juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.